Mgeni asiye na gari naye ni mgeni: barua ya wazi kwa wenye njia za Mbeya na Iringa

Kwa:
Halmashauri ya Jiji la Mbeya,
Halmashauri ya Manispaa ya Iringa,
Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA), Mbeya na Iringa,
TANROADS na TARURA katika mikoa hiyo miwili,
Viongozi wa madereva na makondakta wa daladala, bajaji na bodaboda.

YAH: KUMWANDIKIA NJIA MGENI ASIYE NA GARI

Waheshimiwa viongozi, na ninyi ndugu zangu wa usukani,

 

Nawaandikia nikiwa mmoja wa watu wanaofika kwenu kwa basi, begi mkononi, bila gari na bila ndugu wa kutupokea stendi. Tuko wengi. Ninaloomba lina gharama ndogo na manufaa makubwa: njia za miji yenu ziandikwe. Leo njia hizo zipo midomoni mwa watu. Mwenyeji anazijua kama anavyojua jina lake. Mgeni hajui hata moja, na kutojua huko anakulipia kwa fedha na kwa muda, na usiku anakulipia kwa hofu.

Nianze kwa kumtaja mgeni mwenyewe, maana tukisema mgeni wengi humfikiria mtalii mwenye kofia pana anayekwenda Hifadhi ya Ruaha. Huyo mara nyingi ana gari linalomsubiri na mtu wa kumbebea begi. Ninayemsemea ni mwingine. Ni mama aliyetoka Mpanda na karatasi ya rufaa mkobani, kwa sababu Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya inatibu watu wa Mbeya, Songwe, Rukwa, Katavi, Njombe, Iringa na Ruvuma. Ni kijana aliyechaguliwa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, au Mkwawa pale Iringa, anayefika na sanduku la bati na godoro lililofungwa kamba. Ni mfanyabiashara wa Tunduma anayefuata mzigo Mwanjelwa. Ni mkulima anayekuja Agosti kwenye maonesho ya Nane Nane, viwanja vya John Mwakangale. Ni mtu aliyepigiwa simu ya msiba usiku, akapanda basi la kwanza. Ni binti aliyeitwa kwenye usaili saa mbili asubuhi katika ofisi ambayo hajawahi kuiona.

Hawa ndio wanaojaza nyumba zenu za wageni, wanaokula kwa mama lishe, wanaonunua dawa, kuku na vitenge kabla ya kurudi kwao. Miji hii miwili inakula kwa jasho la watu wanaopita na watu wanaofikia. Sensa ya 2022 iliikuta Mbeya na wakazi zaidi ya laki tano na Iringa na zaidi ya laki mbili. Mji wa ukubwa huo hauwezi tena kutegemea kwamba kila anayeingia ana shangazi wa kumwelekeza.

Niitazame Mbeya kwanza, maana umbile lake ndilo linalomshinda mgeni. Mji ulianza 1927 pale juu, chini ya mlima Loleza, zama za dhahabu ya Lupa. Baadaye barabara kuu ya kwenda Zambia ikapita chini ya mji huo wa zamani, na reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa rasmi 1976, ikaweka stesheni yake Iyunga. Watu wakaifuata barabara. Leo jiji limelala kando ya lami kama mkeka mrefu: kutoka upande wa Mbalizi unapita Iyunga, Mafiati, Mwanjelwa, Kabwe, Soweto, Ilomba, Sae na Nane Nane hadi unafika Uyole, na bado hujaingia mjini penyewe. Mjini, penye stendi kuu, benki na ofisi za serikali, ni kupanda juu kutoka barabarani. Uwanja wa ndege nao, tangu Desemba 2012, uko Songwe, kuipita Mbalizi.

Kwa mwenyeji hayo ni mambo ya kila siku. Mgeni anapoambiwa "shuka mjini" anaona magari, maduka na msongamano pale Mwanjelwa, anaamini mji ni huo, anashuka. Ofisi anayoitafuta iko juu. Hakuna aliyemdanganya. Jiji lina vitovu viwili, na hakuna ubao wa kumwambia hivyo.

Mama yule wa Mpanda nilimwona kwa macho yangu. Alishuka asubuhi, amejifunga kitenge cha pili mabegani kwa baridi, mkono mmoja umeshika chupa ya chai na mwingine kikapu cha nguo za mtoto. Dereva wa bajaji akamsogelea kwa heshima.

"Wapi, mama?"

"Nipeleke Rufaa, mwanangu."

"Rufaa ipi?"

"Hiyo hiyo ya hapa Mbeya. Binti yangu kalazwa, kajifungua."

Kijana akampeleka Rufaa, kama alivyoombwa. Getini mlinzi akamsikiliza vizuri, kisha akamweleza kwamba wazazi wako Meta, na Meta ni kwingine. Mama akalipa bajaji ya pili. Mbeya kuna Hospitali ya Rufaa ya Kanda, kuna kitengo chake cha wazazi na watoto Meta, na kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Wenyeji wanasema Rufaa, Meta, Mkoa, na wanaelewana. Mtu aliyetoka Katavi anajua neno moja tu, lile lililoandikwa kwenye karatasi yake: rufaa. Hapo dereva hana kosa, mlinzi hana kosa, na mama hana kosa. Kilichokosekana ni ubao mmoja stendi wenye majina matatu na njia ya kufika kila moja, pamoja na nauli yake.

Nauli zenyewe ni habari nyingine. Desemba 2023 nauli ya daladala kwa safari isiyozidi kilometa 10 ilipanda kutoka shilingi 500 hadi 600, na mwanafunzi akabaki kwenye 200. Tangazo lilitoka redioni na magazetini. Lakini mgeni anayeketi kwenye haisi hasafiri na gazeti. Anayemwambia nauli ni konda, na konda mwaminifu atasema ile ile. Asiye mwaminifu ataangalia kwanza begi na viatu vyenye vumbi la safari, na ataisikiliza lafudhi. Waliosema mgeni ni kuku mweupe hawakukosea: stendi nzima inamwona. Na wa kwanza kumfikia ni mpiga debe. Anamshika mkono, anamchukulia begi, anamwingiza kwenye gari ambalo huenda halifiki anakokwenda.

Kuna pia kukatisha ruti. Kioo cha mbele kimeandikwa mwanzo na mwisho wa safari, lakini abiria wakipungua njiani dereva anageuza. "Mwisho hapa, wa mbele pandeni la nyuma." Mwenyeji anashuka akinung'unika, anajua la nyuma ni lipi. Mgeni anashuka mahali asipopajua jina, pembeni ya barabara yenye malori ya shaba na mafuta yanayotoka na kwenda Zambia na Kongo. Anaambiwa avuke upande wa pili. Kila abiria wa daladala ni mtembea kwa miguu kabla ya kupanda na baada ya kushuka. Yale malori yanateremka hadi Mbalizi, kwenye mteremko ambao ajali zake zinajulikana nchi nzima. Kumshusha mtu popote si jambo dogo.

Bajaji nazo zimeongeza faida na fumbo kwa pamoja. Faida, kwa sababu zinaingia mitaa ambayo haisi haziingii. Fumbo, kwa sababu bajaji ile ile saa hii inachukua abiria wa kuchangia kwa nauli kama ya daladala, na saa nyingine ni ya kukodi kwa bei ya maelewano. Kwa nje hazitofautiani. Mgeni anaingia akidhani anachangia, anafika anadaiwa bei ya kukodi, na ugomvi unaanza mbele ya nyumba ya msiba. Mvutano wenu wa daladala na bajaji kuhusu nani ana haki ya ruti ipi tumeusikia muda mrefu. Mkiumaliza, msisahau kumweleza abiria mlichoafikiana.

Sasa Iringa. Iringa ni mji wa mlimani, na barabara kuu haipandi mlima. Inapita chini, Ipogoro, karibu na Mto Ruaha Mdogo. Zamani mabasi yalikuwa yakipanda hadi stendi ya katikati ya mji, na abiria alishuka akiwa tayari amefika. Stendi kuu ilipohamishiwa Igumbilo, mji ulipata nafasi na foleni za mabasi zikapungua katikati. Hilo lilikuwa jambo jema, na silipingi. Ila lilibadilisha safari ya mgeni: amefika Iringa, lakini hajafika Iringa. Kati yake na kitanda cha kulala kuna safari nyingine, ya kushika barabara kuu, kisha kupanda mlima, kisha kutafuta Miyomboni, Kihesa, Mkwawa, Gangilonga au Mtwivila.

Mchana hilo linavumilika. Usiku ni jambo jingine, na usiku wenyewe umebadilika. Tangu tarehe 1 Oktoba 2023 mabasi yameruhusiwa kusafiri saa 24, baada ya katazo lililodumu karibu miaka 30. Kutoka Dar es Salaam hadi Iringa ni kama kilometa 500, na hadi Mbeya ni zaidi ya 800. Piga hesabu mwenyewe: basi linaloondoka Dar jioni linamshusha mtu Iringa saa nane au saa tisa usiku. Mwezi wa Juni au Julai baridi ya Nyanda za Juu inapenya sweta. Simu imebaki na chaji kidogo. Mtu huyo ni dada wa miaka 20 anayefika Iringa kwa mara ya kwanza. Anayemkaribia kwanza ni mwanamume asiyemjua, mwenye pikipiki, amevaa kofia na kitambaa usoni kwa sababu ya baridi, anamwambia, "Twende, dada."

Wengi wa vijana hao ni watu wema. Wanakesha kwenye baridi wakitafuta riziki halali, na wengi wamewafikisha wageni salama bila kudai hata shukrani. Lakini dada yule atawatofautishaje? Tuliporuhusu mabasi yakimbie usiku, tulipanga usalama wa barabarani: madereva wawili, ufuatiliaji wa mwendo, ukaguzi. Safari ya mwisho, ile ya kutoka stendi hadi mlangoni, tulimwachia abiria na bahati yake.

Iringa ina neno la ziada, kwa kuwa ndiyo inayoitwa lango la utalii wa Kusini. Makumbusho ya Boma yako katikati ya mji, na jiwe la Gangilonga mtu analifikia kwa miguu. Kalenga, lilipo fuvu la Mtwa Mkwawa lililorudishwa kutoka Ujerumani 1954, ni safari fupi nje ya mji. Isimila, penye nguzo za udongo na zana za mawe za kale, iko kama kilometa 20 kwenye barabara ya Mbeya, na gari lolote la Mafinga linapita njiapanda yake. Mwalimu wa shule ya kata anayetaka kuwaonesha wanawe mahali hapo anaweza kwenda na kurudi kwa nauli ya kawaida. Hajui tu gari anapandia wapi, anashukia wapi, na la mwisho la kurudi linapita saa ngapi. Kwa hiyo anaambiwa akodi gari, anapiga hesabu, anabaki nyumbani. Tunawahimiza Watanzania watalii nchi yao kisha tunawaandikia maelekezo ya mwenye gari.

Kwa nini jambo jepesi hivi halijafanyika? Nimelifikiria, na naona sababu si uvivu wa mtu mmoja. Kila mmoja wenu ana kipande chake. Ruti na nauli ni za LATRA. Stendi ni ya halmashauri. Barabara kuu, na vituo vya pembeni mwake, iko chini ya TANROADS. Barabara za mitaani ziko chini ya TARURA. Kijiwe kina mwenyekiti wake, na gari lina tajiri wake. Kila mmoja akiulizwa kuhusu kipande chake ana jibu zuri. Safari ya mgeni, inayoanzia stendi, ikapita barabara kuu, ikaingia mtaani na kuishia getini, inavuka mipaka ya wote hao, na kwa hiyo haina mwenyewe. Ndiyo maana barua hii nimewaandikia wote kwa pamoja. Kila mmoja akiisoma peke yake ataona inamhusu jirani.

Tena sehemu ngumu ya kazi imeshafanyika. Mwaka 2022 nchi nzima iliingia kwenye operesheni ya anwani za makazi. Mitaa ikapewa majina, nguzo zikasimikwa, nyumba zikabandikwa namba, kuanzia mjini hadi vijijini. Ilikuwa kazi kubwa, na tuliimaliza. Leo nyumba iliyo uchochoroni ina namba yake, lakini kituo cha daladala kinachotumiwa na maelfu ya watu kwa siku mara nyingi hakina hata jina lililoandikwa. Taifa lililoweza kuandika namba kwenye kila mlango haliwezi kushindwa kuandika jina kwenye kila kituo.

Wala hatutakuwa wa kwanza. Jirani zetu wa Nairobi walikuwa na ruti za matatu zaidi ya 130 ambazo hakuna aliyekuwa amezichora zote mahali pamoja. Wanafunzi na watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wakishirikiana na wenzao wa Marekani, walipanda matatu hizo na simu mkononi, wakaandika kila kituo na kila njia. Mwaka 2014 ramani ikatoka, imechapwa, na serikali ya kaunti ikaipokea kuwa yake. Matatu zilibaki zile zile na wenyewe wale wale. Kilichobadilika ni kwamba mtu wa kuja aliweza kusoma.

Dar es Salaam nayo ilifanya jambo la kujifunza pale mabasi ya mwendokasi yalipoanza Mei 2016. Majina ya vituo yalikuwa yale ya midomoni mwa watu: Fire, Magomeni Mapipa, Manzese, Shekilango. Jina lililokuwa likitajwa na kondakta likapandishwa juu ya bango, na tangu siku hiyo mtu wa Singida akishuka Fire anajua yuko Fire. Jiji hilo hilo, kuanzia 2015, lilikuwa na mradi wa Ramani Huria, ambapo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi walitembea mitaani na wakazi kuchora mifereji na nyumba kwa ajili ya kukabili mafuriko. Mbeya na Iringa hazina upungufu wa vyuo. Wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo wapo kila mwaka, wakitafuta mahali pa kufanyia kazi ya maana. Wapeni hii.

Najua majibu mawili yatakayokuja. La kwanza ni kwamba kuuliza si ujinga, mgeni aulize. Ni kweli, na watu wa Nyanda za Juu ni wepesi kuelekeza. Ila anayeuliza saa nane usiku anamuuliza nani? Na kiziwi anauliza vipi? Mtu anayelia kwa msiba anauliza mara ngapi? Kuuliza kuwe msaada wa ziada. Mji usimlazimishe mtu kujitangaza kila hatua kwamba hapajui, maana kujitangaza huko ndiko kunakompandishia bei.

La pili ni simu: mgeni atazame ramani kwenye simu yake. Ramani ya simu itamwonesha barabara ilipo. Haitamwambia haisi ipi inapita hapo, inasimama wapi, inageuzia wapi, nauli ni kiasi gani. Na si kila mtu ana simu janja, wala si kila simu ina bando saa tisa za usiku. Ubao wa bati hauishi chaji.

Basi, ninayoomba ni haya:

Kwanza, kila kituo cha daladala kiwe na bango lenye jina lake, lile wanalolitumia watu, kwa herufi zinazosomeka kutoka ndani ya gari. Mbeya mnayo nafasi ambayo haitarudi. Barabara kuu inapanuliwa kuwa njia nne, kilometa 29 kutoka Nsalaga hadi Ifisi. Vituo vitakavyojengwa humo viwe na majina, vivuli na vivuko vya waenda kwa miguu tangu siku ya kwanza. Kuviongeza baadaye ni gharama mara mbili.

Pili, kwenye kila stendi ya mabasi, pale abiria anaposhukia, kuwe na ubao mkubwa wa njia: hospitali zote kwa majina yake, vyuo, mahakama, ofisi ya mkoa, masoko, stesheni, uwanja wa ndege. Mbele ya kila jina paandikwe gari la kupanda, mahali pa kupandia na nauli halali. Kwa Mbeya, Rufaa, Meta na Mkoa zitenganishwe waziwazi. Kwa Iringa, ubao uanze na jambo la kwanza ambalo mgeni hulitafuta: namna ya kupanda mjini.

Tatu, nauli ibandikwe ndani ya kila daladala, juu ya kichwa cha konda, pamoja na namba ya gari na namba ya kulalamikia. Atakayeibandua awajibike kama anayeendesha gari bila taa.

Nne, kukatisha ruti kukomeshwe kwa vitendo. Dereva akilazimika kugeuza, abiria arudishiwe nauli ya kipande kilichobaki au ahamishiwe gari jingine na konda mwenyewe.

Tano, bajaji za kuchangia na za kukodi zitofautishwe kwa alama moja inayoonekana. Ninyi wenyewe mnajua rangi au maandishi gani yatafaa. Mgeni anahitaji tu kujua kabla ya kukaa.

Sita, ule usiku. Kila stendi inayopokea mabasi usiku iwe na eneo lenye taa na mlinzi ambapo abiria anaruhusiwa kusubiri hadi alfajiri bila kufukuzwa. Madereva wa bajaji na bodaboda wa zamu ya usiku wasajiliwe kwa uongozi wa kijiwe, wavae reflekta zenye namba kubwa, na kila anayeondoka na abiria aandikwe kwenye daftari: namba, saa, anakokwenda. Daftari na kalamu havihitaji mfadhili.

Saba, mkae meza moja. LATRA iite, halmashauri iandae, TANROADS na TARURA waje na ramani zao, na viongozi wa madereva wakae mbele, maana wao ndio wenye elimu yenyewe.

Hapo nawageukia ninyi, ndugu zangu madereva na makondakta. Barua hii isisomwe kama mashtaka. Mnachokijua kuhusu miji hii hakimo kwenye kitabu chochote. Mnajua saa ambayo wanafunzi wanatoka, mnajua mvua ikinyesha ni mtaa upi haupitiki, mnajua mama gani ana haraka na yupi anatafuta mtu wa kuzungumza naye. Maandishi hayatawanyang'anya riziki. Mgeni anayejua njia anapanda mara nyingi zaidi. Mgeni aliyeibiwa mara moja anatembea kwa miguu, au anampigia simu rafiki mwenye gari, na hapandi tena. Konda anayemwambia abiria "kaa hapa mbele, nitakushusha Meta" na kweli akamshusha, anafanya kazi ambayo ofisi nzima haijaifanya. Ombi langu kwenu ni mkubali kuandikwa: ruti zenu, nauli zenu, namba zenu. Mwaminifu hapotezi chochote kwa kuandikwa.

Na ninyi waheshimiwa, mpangapo bajeti, kumbukeni kwamba wengi wenu mnatoka ofisini kwa gari na mnarudi kwa gari. Hiyo si dhambi, ila inawanyima kuona. Nawaomba siku moja, kabla ya kikao, kila mmoja aache gari nyumbani. Mkurugenzi wa Mbeya apokee rafiki asiyeujua mji, asimwelekeze chochote, amfuate tu kuanzia stendi hadi Meta. Mkurugenzi wa Iringa afanye hivyo kutoka Igumbilo hadi Kihesa, baada ya saa sita usiku. Kikao cha siku itakayofuata hakitakuwa kirefu.

Mbao za bati, rangi, daftari na kikao kimoja: hayo yote yamo ndani ya uwezo wenu, kwa mamlaka mliyonayo tayari, bila sheria mpya na bila mkopo. Maonesho ya Nane Nane huja kila Agosti, na vyuo hufungua kila mwaka baada ya hapo. Nawaomba mgeni wa Agosti ijayo akishuka Mbeya aikute njia imeandikwa, na mwanafunzi atakayeshuka Iringa usiku aikute taa inawaka na daftari limefunguliwa.

Wenu katika kujenga nchi,

Msafiri wa Nyanda za Juu Kusini